Mzee, Huwa Unanunulia Duka Gani? Wizi wa Ardhi Ndani ya «Tokyo Swindlers»

Wako chumba cha mikutano, wanunuzi upande huu wa meza, muuzaji na watu wake upande ule. Mtaalamu wa usajili wa ardhi aliyekuja na wanunuzi anamhoji muuzaji, mzee wa makamo ya kujukuu, ili kuhakikisha kuwa ndiye mwenye kiwanja. Umezaliwa lini? Mzee anajibu. Mwaka wako ni wa mnyama gani? Wajapani wana mzunguko wa miaka 12 yenye majina ya wanyama, na mtu wa rika lile hawezi kumsahau mnyama wake. Hapo pia anajibu. Halafu linakuja swali ambalo hakuna aliyemfanyisha mazoezi: hapo unapoishi, duka unalonunulia mahitaji ya nyumbani ni lipi?

Kimya. Unasikia moyo wako mwenyewe ukidunda, na unagundua jambo la aibu kidogo: unamwombea tapeli apite.

Maana mzee huyu si mwenye kiwanja. Ametafutwa kwa sababu umri wake unalingana na wa mwenyewe, kisha akakaririshwa maisha ya mtu mwingine kama mtoto anavyokaririshwa masomo ya mtihani. Kiwanja kipo Ebisu, katikati ya Tokyo, na bei ni kama yeni bilioni moja. Hati zote zilizo mezani zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na hazimtii mnunuzi wasiwasi. Kinachotaka kuliangusha genge zima ni swali la duka.

Tamthilia yenyewe kwa Kijapani inaitwa «Jimenshi-tachi», na duniani inajulikana kama «Tokyo Swindlers». Netflix waliitoa tarehe 25 Julai 2024, ina sehemu saba, mwongozaji ni Hitoshi One, na imetokana na riwaya ya Ko Shinjo ya mwaka 2019. Watu wengi waliomaliza kuitazama hubaki na swali lile lile: inawezekanaje mtu auze ardhi isiyo yake, katika nchi yenye utaratibu kama Japani, kwa kampuni yenye mawakili, na alipwe? Nitajaribu kulifungua fundo hilo, na ili nilifungue itabidi nitaje baadhi ya mambo yanayotokea ndani. Anayetaka kuitazama bila kujua lolote aache hapa kwanza.

Tuanze na neno. Jimen ni ardhi, ile unayoikanyaga. Shi ni mtu mwenye fani yake. Kwa hiyo jimenshi ni fundi wa ardhi, na ufundi wake ni kujifanya mwenye kiwanja na kukiuza. Kazi hii si ya leo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia miji ya Japani ilikuwa imeungua, kumbukumbu nyingi zimeteketea, wenye ardhi wamekufa au wametawanyika, na wajanja wakajitokeza kudai vipande vya watu. Wakarudi kwa kishindo miaka ya 1980, bei za ardhi zilipopanda hadi watu wakapoteza akili. Walirudi tena miaka ya 2010, Tokyo ilipokuwa ikijiandaa kwa Olimpiki ya 2020 na kila kampuni ya ujenzi inasaka kipande cha kupandishia ghorofa.

Sasa karatasi. Japani muhuri una uzito ambao kwetu tumeipa sahihi. Mtu mzima anaruhusiwa kusajili muhuri mmoja kwenye ofisi ya manispaa anakoishi, na huo, jitsuin, ndio unaogongwa kwenye mambo mazito: kununua nyumba, kukopa, kudhamini. Manispaa humpa cheti cha kuthibitisha kwamba alama hii ni ya fulani, na kwa usajili wa ardhi cheti hicho hakitakiwi kuzidi miezi mitatu tangu kitolewe. Juu ya hapo kuna hati ya umiliki. Tangu Machi 2005, sheria mpya ya usajili ilipoanza kutumika, wanaosajili upya hawapewi tena hati ya karatasi bali namba ya siri yenye herufi na tarakimu 12, ila hati za zamani bado zinakubalika.

Je, mwenye ardhi akisema hati imepotea? Watu hupoteza hati kila siku, nyumba huungua, wazee husahau walikoweka. Sheria haikutaka wafungiwe nje ya mali yao, kwa hiyo iliacha njia: shiho-shoshi, yaani mtaalamu mwenye leseni ya kuandaa nyaraka za usajili, anaweza kukutana na mtu huyo ana kwa ana, kumhoji, kukagua vitambulisho vyake, kisha kuandika tamko kwamba nimeridhika, huyu ndiye. Mlango huo uliowekwa kwa huruma ndio matapeli wanaoupenda kuliko yote. Na ndiyo sababu tamthilia inatuingiza mapema kwenye chumba kile. Karatasi zote zikishaghushiwa, kinachobaki kati ya genge na bilioni moja ni mtu mmoja anayemtazama mtu mwingine usoni na kuuliza maswali.

Genge lenyewe limegawana kazi kama karakana. Yupo anayetafuta ardhi na kuchimba habari za mwenyewe (Takeshita, aliyeigizwa na Kazuki Kitamura). Yupo wa kutafuta waigizaji na kuwafundisha, Reiko, ambaye Eiko Koike amempa ukali na huruma kwa wakati mmoja. Kijana Nagai anaghushi nyaraka. Goto, aliyewahi kuwa shiho-shoshi, anajua lugha ya ofisi hizo na anajua pa kukohoa. Takumi, yaani Go Ayano, ndiye msemaji mbele ya wanunuzi, mtu mpole ambaye zamani familia yake iliangamia kwa sababu ya utapeli huu huu anaoufanya sasa. Juu ya wote anakaa Harrison Yamanaka, wa Etsushi Toyokawa, ambaye fedha si shida yake tena. Anawinda. Wanakutana na Takumi kwenye milima yenye theluji, bunduki mkononi, dubu mbele, na hapo unaambiwa kila kitu kumhusu: viwanja kwake ni windo, na watu waliomsaidia kuwinda anaweza kuwaua bila sauti yake kupanda.

Mgawanyo huu wa kazi ndio unaowafanya wawe wagumu kukamatwa maishani pia. Aliyejifanya mwenye ardhi anaweza kuwa mtu mwenye madeni aliyeahidiwa ujira, asiyejua majina ya wakubwa. Dalali wa katikati atasema na yeye alidanganywa, na wakati mwingine ni kweli. Polisi wanabaki na kamba ambayo kila fundo linasema halijui fundo linalofuata.

Lakini nusu ya pili ya tamthilia, ile ya kampuni kubwa inayoitwa Sekiyo House na ardhi ya hekalu la Takanawa yenye thamani ya yeni bilioni 10, ndiyo inayoudhi zaidi. Huko unaona wakurugenzi wakifumbia macho dalili moja baada ya nyingine, na unataka kupiga kelele: hakuna kampuni ya namna hii! Ipo. Riwaya iliandikwa miaka miwili tu baada ya mkasa wa kweli, na mkasa wenyewe unashinda hadithi.

Karibu na kituo cha treni cha Gotanda, kata ya Shinagawa, kulikuwa na nyumba ya wageni ya zamani iliyoitwa Umikikan. Eneo lake lilikuwa kama mita za mraba 2,000, katikati ya majengo marefu, na lilishafungwa kwa biashara. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya 70. Kampuni nyingi zilikuwa zimekitamani kiwanja kile kwa miaka, naye hakuuza. Mwaka 2017 akawa mgonjwa, yuko hospitali. Katika miezi hiyo hiyo mwanamke mwingine aliketi mezani kwa jina lake, na pasipoti yenye picha yake.

Tarehe 24 Aprili 2017 Sekisui House, moja ya kampuni kubwa kabisa za ujenzi wa nyumba Japani, ilisaini mkataba wa yeni bilioni 7. Haikununua moja kwa moja: kampuni ndogo ya kati ilinunua kwa bilioni 6 na kumuuzia Sekisui siku ile ile. Rais wa kampuni alishakwenda mwenyewe kukiona kiwanja. Hilo peke yake, kwa anayejua ofisi zilivyo, lilimaliza mjadala. Japani uamuzi mkubwa huzungushwa kwenye karatasi inayoitwa ringi, kila mkubwa akiisoma na kugonga muhuri wake hadi ifike juu. Safari hii karatasi ilifika juu kwanza, na baadhi ya wakurugenzi waligonga mihuri yao baada ya rais kuidhinisha. Muhuri unaogongwa baada ya mkubwa haukagui tena kitu chochote.

Mwezi Mei barua zikaanza kuingia makao makuu. Zilikuwa barua za posta zenye uthibitisho rasmi wa maandishi yaliyomo, aina ambayo Mjapani huituma anapojiandaa kwenda mahakamani, na zilitumwa kwa jina la mwenye ardhi wa kweli zikisema kwamba hakuuza. Si moja. Kampuni ilizisoma, ikajadiliana, ikaamua kwamba ni fitina za washindani au watu wanaotaka kuharibu biashara. Kilichofuata nimekisoma mara nyingi na bado kinanipa baridi: malipo ya mwisho yalipangwa kufanyika mwishoni mwa Julai, na kampuni ikayawahisha hadi tarehe 1 Juni. Waliona dili likishafungwa, usumbufu wa barua utakoma.

Tarehe 1 Juni wafanyakazi wa Sekisui wakaenda Umikikan kufanya vipimo. Polisi wakafika, wakawachukua kwenda kituoni kuhojiwa kwa nini wako kwenye nyumba ya watu. Saa hizo hizo, mahali pengine mjini, fedha zilikuwa zikikabidhiwa. Habari za polisi ziliwafikia waliokuwa kwenye malipo. Wakalipa.

Siku chache baadaye ofisi ya usajili ikagundua kuwa nyaraka ni za kughushi, na tarehe 9 Juni ikayakataa rasmi maombi ya kuhamisha umiliki. Mwenye ardhi wa kweli akafariki mwezi ule ule. Hasara ya kampuni ilikuwa kama yeni bilioni 5.55. Iwapo unajiuliza kwa nini si zaidi, sababu mojawapo ni kwamba yule mwanamke wa bandia alikuwa ameahidi pia kununua nyumba za Sekisui za yeni milioni 750, na fedha hizo zikakatwa humo humo. Tapeli akageuka mteja wa kushukuriwa kwa kununua! Mwandishi yeyote wa tamthilia angeogopa kuandika hivyo, angeona hakuna atakayemwamini.

Na haikuishia hapo. Januari 2018 bodi ya Sekisui ilikutana. Mwenyekiti, Isami Wada, alileta hoja ya kumwondoa rais, Toshinori Abe, kwa ajili ya kashfa hii. Kura hazikutosha. Kabla kikao hakijaisha mwenyekiti akageuziwa kibao, na aliyetoka ni yeye. Abe akapanda kuwa mwenyekiti. Mwaka 2020 Wada alijaribu kuupindua uongozi kupitia mkutano wa wanahisa, akashindwa pia. Kuhusu genge, zaidi ya watu kumi walikamatwa kuanzia mwaka 2018, na mmoja wa vinara, aliyekimbilia Ufilipino na kurudishwa, alihukumiwa na mahakama ya Tokyo kifungo cha miaka 11.

Kwa nini hasara ilibaki kwa mnunuzi? Hapa pana jambo la kisheria ambalo tamthilia hailifafanui, nalo ndilo msingi wa woga wote ule. Daftari la ardhi la Japani halina neno la mwisho. Linaonyesha nani ameandikwa, lakini ukimtegemea aliyeandikwa, au anayejifanya ndiye aliyeandikwa, na kumbe mwenyewe hakuuza, kwa kawaida ardhi inabaki kwa mwenyewe na wewe unabaki kumtafuta aliyekula fedha zako. Zipo nchi zilizochukua njia nyingine, zikifuata mfumo wa Torrens ulioanzia Australia Kusini mwaka 1858, ambako kuandikwa daftarini ndiko kunakoleta umiliki. Kenya ilirithi sehemu ya fikra hiyo, lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kiwanja cha ufukweni Nyali, Mombasa, ilisema kwamba cheti peke yake hakitoshi. Lazima mzizi wa umiliki uwe safi tangu mwanzo. Kwa hiyo mnunuzi wa Nyali na mnunuzi wa Gotanda wanalala na wasiwasi unaofanana zaidi ya wanavyodhani.

Nirudi kwenye kicheko, maana wengi huniuliza kama ni sahihi kucheka. Goto, aliyeigizwa na Pierre Taki, ana neno lake. Kila mhojaji anapokaribia ukweli, yeye hulipuka kwa lahaja ya Kansai, lafudhi ya wafanyabiashara wa Osaka: mo ee desho! Yaani, basi, imetosha sasa! Anajifanya amekereka kwa niaba ya mzee anayesumbuliwa, na mhojaji, kwa adabu ya Kijapani ya kutomkera mtu mzima, anafunga daftari. Neno lile lilienea Japani nzima hadi likaingia kwenye kumi bora za maneno ya mwaka 2024. Watu wanacheka kwa sababu wanaitambua ile hali. Ni nani hajawahi kunyamazishwa na mtu aliyejua kutumia heshima kama fimbo?

Sisi tunao watani. Msibani mtani huja akalala kwenye jeneza, akadai deni kwa marehemu, akamwigiza anavyotembea, na wafiwa hucheka na machozi yakiwatoka. Hakuna anayesema msiba umedharauliwa. Kicheko cha «Tokyo Swindlers» kiko karibu na hapo. Kinakuja mtu akiwa ukingoni kabisa, na dakika inayofuata kuna maiti. Mpelelezi mzee aliyebakiza siku chache kustaafu, mtu unayempenda tangu sura ya kwanza kwa sababu Lily Franky anamwigiza kama babu wa mtaani, anapatwa na jambo ambalo sitalieleza hapa. Nilizima nikatoka nje kupunga hewa.

Kinachotisha hasa, nadhani, ni upweke kuliko damu. Angalia wanavyochagua windo. Wanataka ardhi isiyo na deni la benki, kwa sababu benki ingeuliza maswali. Wanataka mwenyewe awe mzee, awe mbali, awe hospitali au kwenye makao ya wazee, asiwe na watoto wanaopita kila wiki. Kwa kifupi wanatafuta mtu ambaye hakuna atakayesema: huyu siye, mimi namjua. Na Japani ya leo ina wengi. Utafiti wa makazi wa mwaka 2023 ulikadiria nyumba tupu milioni 9, asilimia 13.8 ya nyumba zote. Ardhi ambayo wenyewe hawajulikani au hawapatikani ilikadiriwa mwaka 2016 kufika hekta milioni 4.1, zaidi ya kisiwa kizima cha Kyushu. Hali ilikuwa mbaya hadi Aprili 2024 ikawa lazima kwa mrithi kusajili ardhi ndani ya miaka mitatu, na asipofanya anaweza kutozwa hadi yeni 100,000.

Ripoti ya Sekisui yenyewe, ya Machi 2018, ilikiri kwamba walitegemea pasipoti na nyaraka zilizothibitishwa na mthibitishaji wa umma, bila kuwauliza watu wanaomfahamu mwenye nyumba. Pale Gotanda palikuwa na majirani waliomjua mama yule kwa sura. Kumchukua mfanyakazi mmoja, kumpa picha, kumwambia abishe hodi mlango wa pili, kungemaliza kila kitu mchana mmoja. Kwetu anayenunua kiwanja kwa mtu huambiwa aende na mjumbe, aite majirani wa pande zote nne washuhudie mipaka, na watu huona ni usumbufu wa kienyeji. Mimi nimeacha kuuona hivyo. Jirani anajua unanunua wapi chumvi.

Ndiyo maana pia, nikitazama mwisho wa tamthilia, ambapo Reiko analazimika kunyoa nywele zake zote ili aketi mwenyewe kama mtawa wa hekalu, sikuona tu mbinu ya wizi. Niliona mtu akivaa maisha ya mwenzake hadi kwenye ngozi ya kichwa, na wanunuzi wakitazama kichwa kile, si uso.

Umikikan haipo tena. Warithi waliuza kihalali, miti na kuta za zamani zikaondolewa, na sasa pamesimama jengo la makazi la ghorofa 30. Kwenye miji yetu, mtu anayehofia ndugu au matapeli huchukua rangi na kuandika ukutani kwa herufi kubwa NYUMBA HII HAIUZWI, na kila apitaye anasoma. Barua zilizotumwa kwa jina la mama wa Gotanda ziliandikwa vizuri, zikathibitishwa na posta, zikafika kwa wakati, zikasomwa na watu wenye madaraka, na zote zilikuwa na neno moja tu: sijauza.